UZI: Acha kasi ya chuma ikuambie uongeze uzito au ukate seti (simu ya kawaida inatosha)

Chuma_Katuba (Lubumbashi)

Salamu wadau wa vyuma, popote mlipo.

Ukiingia jimu yoyote ya mtaani hapa Lubumbashi, kuanzia Katuba hadi Ruashi, swali la kwanza utakaloulizwa ni "unabeba ngapi?" Na wengi wetu hatujui. Diski tunazotumia zimekatwa na mafundi kutoka vyuma vya mashine kuukuu, nyingine zimemiminwa saruji ndani ya ndoo, mtu akachora "20" kwa rangi nyeupe na sote tukaamini. Niliwahi kushuhudia diski mbili zenye namba moja zikipandishwa kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu, moja ikaizidi nyenzake kwa zaidi ya kilo mbili. Sasa kijana anapakua programu ya mtandaoni inayomwambia afanye asilimia 80 ya kilele chake, yaani ya uzito anaoweza kuunyanyua mara moja tu. Asilimia 80 ya nini?

Na hata diski zingekuwa sahihi, mwili haulingani siku zote. Aliyetoka zamu ya usiku mgodini akaja na chai tu tumboni si yule aliyelala vizuri Jumapili. Uzito ule ule unakuwa mwepesi leo, mzito keshokutwa. Programu ya asilimia haina habari hiyo. Chuma kinayo, kwa sababu kinapanda polepole.

Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Naamini kwa dhati kwamba kwa watu wenye vifaa kama vyetu, kupima kasi ya chuma kinapopanda kuna faida kubwa kuliko kwa wale wenye diski za kiwandani zilizopimwa hadi gramu.

Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1938 Archibald Vivian Hill, mwanasayansi wa Uingereza aliyepata Tuzo ya Nobel ya 1922, alionyesha kwa misuli ya chura kwamba msuli unaojikunja haraka hutoa nguvu kidogo, na unaojikunja polepole hutoa nguvu nyingi. Kwa hiyo ukisukuma kwa uwezo wako wote, kadiri uzito unavyopanda ndivyo kasi inavyoshuka, na inashuka kwa mpangilio. Mwaka 2010 watafiti wa Hispania, González-Badillo na Sánchez-Medina, walichapisha vipimo vya vijana 120 waliosukuma benchi (unalala chali na kusukuma chuma juu ya kifua) kwenye chuma kinachopita kwenye reli. Kwenye asilimia 70 ya kilele, chuma kilipanda kwa karibu mita 0.62 kwa sekunde. Kwenye asilimia 80, karibu 0.47. Kwenye 90, karibu 0.32. Na kwenye kilele chenyewe, 0.16.

Kilichonishika mimi ni sehemu ya pili ya kazi yao. Vijana 56 kati ya wale walipimwa tena baada ya wiki 6 za mazoezi. Kilele chao kilikuwa kimepanda kwa wastani wa asilimia 9.3, lakini kasi ya kila asilimia ilibaki karibu pale pale. Chukua mtu wa kilo 80 aliyefika kilo 88. Zamani asilimia 70 yake ilikuwa kilo 56, sasa ni karibu kilo 62, na hizo 62 zinapanda kwa kasi ile ile ya zile 56 za zamani. Akifuata kasi, uzito wake wa mazoezi unakua pamoja naye, bila siku ya kujipima kilele na wenzake wanne wakiwa wamezunguka benchi kumdaka.

Sharti ni moja, na likivunjwa hakuna kipimo: kila rudio, yaani kila unaposhusha na kupandisha chuma mara moja, usukume kwa nia ya kwenda kasi kadiri unavyoweza. Kushusha unadhibiti, kupandisha unafyatua, hata kama uzito ni mkubwa na chuma kinatambaa. Hii si kwa ajili ya kipimo tu. Mwaka 2014 González-Badillo na wenzake walichapisha jaribio la wiki 6 la benchi ambapo kundi moja lilisukuma kwa kasi yote na lingine, kwa uzito ule ule, kwa nusu ya kasi makusudi. Kilele cha kundi la kwanza kilipanda asilimia 18.2, cha pili 9.7. Kazi ileile kwa idadi, matunda karibu mara mbili.

Sasa namna ya kupima. Kuna vifaa vya kamba, kama Tendo ya Slovakia na GymAware ya Australia: kamba inafungwa kwenye chuma, inavutwa toka kwenye kisanduku kilicho sakafuni, na namba inatokea papo hapo. Bei yake si ya Katuba. Sisi tuna simu.

Weka simu pembeni ya mnyanyuaji, kimo cha chuma, juu ya tofali au kiti, isishikwe na mkono. Rekodi kwa mwendo pole, ile ya picha 240 kwa sekunde kama simu yako inayo. Kisha hesabu picha tangu chuma kilipoanza kupanda hadi kilipofika juu. Pima kwa futi ya fundi nguo umbali ambao chuma kinasafiri, mara moja tu, kwa sababu mikono yako haitarefuka. Mfano: benchi, chuma kinasafiri sentimita 40, picha ni 160. Gawa 160 kwa 240, unapata sekunde 0.667. Gawa mita 0.40 kwa 0.667, kasi ni 0.60.

Huna kompyuta? Video ya picha 240 simu nyingi huichezesha kwa picha 30, yaani mara 8 polepole. Rudio hilo la sekunde 0.667 litachukua sekunde 5.3 kwenye kioo. Chukua simu ya jirani, fungua saa ya kupimia muda, bonyeza mwanzo na mwisho, kisha gawa kwa 8. Kuchelewa kwa kidole kunapungua mara 8 pia. Mwenye kompyuta ya Windows atafute Kinovea, ni ya bure, inasogeza video picha moja moja.

Na kama hutaki hesabu ya mita kabisa, kuna njia ninayoipenda kuliko zote. Umbali haubadiliki ndani ya seti (marudio yanayofuatana bila kupumzika), kwa hiyo muda peke yake unatosha kukuambia umechoka kiasi gani. Kasi ikishuka asilimia 20, muda unakuwa mara 1.25. Rudio lako la haraka zaidi lilikuwa picha 160? Ukifika 200, kata seti. Basi. Hapo hujahitaji kujua diski ina kilo ngapi wala chuma kimesafiri mita ngapi.

Maswali karibuni.

---

MisuliTu

Yaya, nimesoma yote na heshima kwa kazi uliyofanya. Lakini mimi nataka misuli, sitaki kasi. Wazee waliotufundisha pale Kenya (wilaya yetu ya hapa, si nchi) walijaza mashati bila simu. Walisukuma hadi mkono ukakataa. Ukiniambia nikate seti wakati bado nina marudio manne tumboni, unaninyima kile kilichonileta jimu.

---

Chuma_Katuba

MisuliTu, ndugu yangu, hoja yako ina uzito na utafiti uko nawe nusu.

Mtafiti Pareja-Blanco na wenzake, mwaka 2017, waliwafanyisha vijana 22 skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani) kwa wiki 8. Uzito ulikuwa mmoja kwa wote, asilimia 70 hadi 85 ya kilele. Kundi moja lilikata seti kasi iliposhuka asilimia 20, lingine iliposhuka 40, ambapo mara nyingi mtu anakuwa amefika au amekaribia kushindwa. Kundi la 20 lilifanya marudio pungufu kwa karibu asilimia 40. Nguvu za skwati ziliongezeka bila tofauti ya maana kati yao. Kuruka juu, kundi la 20 lilipanda asilimia 9.5 na kundi la 40 likapanda 3.5. Lakini unene wa misuli ya mbele ya paja uliongezeka zaidi kwa kundi la 40. Hapo ndipo wewe unaposhinda.

Ila tazama walichopoteza: kwenye kundi la 40, sehemu ya nyuzi za misuli zenye kasi kubwa kabisa ilipungua. Kwa anayetaka shati lijae, si neno. Kwa mkimbiaji au mchezaji wa mpira, ni hasara.

Kwa hiyo wewe usikate kwenye 20, nenda hadi 30 au 40. Muda wa rudio la haraka zaidi zidisha kwa 1.43 au kwa 1.67. Faida utakayoipata ni kwamba kila wiki utajua umesukuma kwa kina kile kile. "Hadi mkono ukakataa" ya mtu aliyechoka na "hadi mkono ukakataa" ya mtu aliyekula vizuri si kitu kimoja, na wengi tunakata tamaa kabla ya mkono kukataa bila kujua. Nimeona video za vijana wanaoapa wamemaliza, na rudio lao la mwisho limechukua muda karibu sawa na la kwanza. Kasi inawaumbua kwa upole.

---

Kocha_Kamalondo

Aksanti sana kwa uzi huu. Mimi ninafundisha vijana wa mpira, timu ya mtaa. Hapa kila mtoto anataka kufika Mazembe, na wazazi wanaamini vyuma vinamfanya mtoto awe mzito na mchelewaji uwanjani. Nimekuwa nikiwapa skwati marudio kumi kumi, na Jumamosi miguu inakuwa imekufa. Hawa niwakate wapi? Na mechi ikiwa Jumapili, vyuma viwe siku gani?

---

Chuma_Katuba

Kocha, wewe ndiye niliyekuwa nakuombea uje.

Pareja-Blanco huyo huyo alikuwa na kazi nyingine mwaka huo wa 2017, safari hii kwa wachezaji wa mpira wa kulipwa, skwati kwa wiki 6. Waliokata kwenye asilimia 15 waliongeza kuruka kuliko waliokata kwenye 30, na walifanya marudio machache zaidi. Wazazi wanaoona miguu mizito hawajakosea kuona. Wanachokilaumu ndicho sicho: mtoto anachelewa kwa sababu ya uchovu wa marudio ya mwisho manne au matano kwenye kila seti, yale yanayopanda yakitetemeka, wala si kwa sababu ya uzito uliowekwa mabegani.

Wape uzito wa wastani ambao rudio la kwanza linapanda kwa uchangamfu, kisha kata kwenye 10 hadi 15. Kwa muda ni mara 1.11 hadi 1.18. Mara nyingi utapata marudio matatu, manne, matano. Yatakuwa machache machoni pa wazazi, waeleze. Siku ya vyuma iwe mbali na mechi kadiri ratiba inavyoruhusu. Kwa mechi ya Jumapili mimi ningeweka Jumanne, na Alhamisi seti mbili tatu nyepesi za kuamsha miguu.

Jambo moja la kiufundi kwa sababu najua vijana wengi: soma kina cha skwati yao kabla ya kusoma kasi. Mtoto akitaka namba nzuri atashuka nusu, chuma kisafiri umbali mfupi, muda upungue, kila mtu apige makofi bure. Weka kiti kifupi au ndoo nyuma yake, kila rudio aguse.

---

KijanaNdosho (Goma)

Yaya Katuba, miye niko Goma, nasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo. Mchana nabeba viazi na makaa kutoka upande wa Sake, jioni napiga skwati nyumbani na chuma nilichochomelesha. Siku za mzigo mwingi nafika miguu imekwisha na sijui kama nipige au nilale. Simu yangu haina mwendo pole, ni picha 30 tu kwa sekunde. Inanifaa kitu hiyo?

---

Chuma_Katuba

Mdogo wangu wa Ndosho, inakufaa sana, na hali yako ndiyo hasa ambayo programu ya karatasi haiwezi kuielewa. Kusukuma chukudu kwenye mawe ya volkano ni mazoezi ya miguu tayari. Mwili hautofautishi kilo za jimu na kilo za viazi.

Kuhusu picha 30: kila picha ni sekunde 0.033. Kwenye uzito mwepesi unaopanda kwa nusu sekunde utakuwa na picha 15 tu, na kukosea picha moja kunakuharibia. Kwenye skwati nzito hali ni nyingine. Tuseme chuma kinasafiri sentimita 60 kwa kasi ya 0.45: hiyo ni sekunde 1.33, picha 40. Kushuka asilimia 20 ni picha 50. Kati ya 40 na 50 pana nafasi ya kutosha, hata ukikosea moja. Kama simu yako ina chaguo la picha 60 kwenye mipangilio ya kamera, lichukue.

Angalizo la mwanga. Simu ikiwa gizani hupunguza idadi ya picha kwa sekunde yenyewe bila kukuambia, na hesabu yote inakwenda upande. Hapa kwetu umeme ukikatika jioni tunasogeza benchi mlangoni. Tochi ya simu nyingine ikielekezwa kwenye ncha ya chuma inasaidia, na ukibandika kipande cha utepe mweupe kwenye ncha hiyo utaona vizuri pale kinapoanza kupanda.

Sasa swali lako la kupiga au kulala. Chagua uzito mmoja wa kupashia mwili ambao hutaubadilisha, mzito kiasi, wa kukupa angalau sekunde moja kwenda juu. Kila siku ya mazoezi, baada ya kujipasha, fanya marudio mawili kwa nguvu zote na uandike la haraka zaidi. Baada ya wiki chache utajua kawaida yako. Ikiwa kawaida ni picha 33 na leo unapata 34, piga kazi. Ukipata 38 au 40 baada ya siku ya viazi, punguza uzito hadi kasi yako irudi, fanya seti chache, ule, ulale. Ukipata 30, ongeza, mwili uko tayari.

Kwenye benchi wale Wahispania walionyesha kwamba uzito ule ule ukipanda kwa mita 0.07 hadi 0.09 kwa sekunde zaidi ya zamani, kilele kimeongezeka kwa karibu asilimia 5. Kwa hiyo marudio hayo mawili ya kupasha yanakupa pia habari ya maendeleo yako.

---

MwanaMbeya

Kaka, hongera, uzi umeshiba. Kuna jedwali linazunguka mtandaoni, la yule kocha Mmarekani Bryan Mann, linagawa kasi kwa kanda: chini ya 0.5 ni nguvu tupu, 0.5 hadi 0.75 nguvu ya kuongeza mwendo, 0.75 hadi 1.0, 1.0 hadi 1.3, na juu ya 1.3. Je, nilifuate kwa mazoezi yote? Pili, kwenye skwati nikijua kasi yangu kwa kilo 100, naweza kutabiri kilele changu cha leo?

---

Chuma_Katuba

La kwanza: litumie kama dira, usilitumie kama sheria. Kila zoezi lina kasi yake ya mwisho. Benchi inakwama karibu na 0.16, skwati ya kina karibu na 0.30. Kwa hiyo 0.35 kwenye benchi bado una marudio kadhaa mkononi, 0.35 kwenye skwati uko ukingoni. Ukizichukua namba za zoezi moja ukazipeleka kwenye lingine utajiumiza au utajipumbaza. Na kwa kunyanyua kwa Olimpiki, chuma toka chini hadi juu ya kichwa, wataalamu hutazama kasi ya juu kabisa inayofikiwa njiani badala ya wastani, na hiyo simu haikupi kirahisi.

La pili nalijibu kwa tahadhari. Kwenye benchi unaweza kupata makadirio mazuri. Mfano wa kijana wa hapa kwetu: kilo 40 zilipanda kwa 0.90, 50 kwa 0.73, 60 kwa 0.56, 70 kwa 0.39. Kila kilo inamla 0.017. Kutoka 0.39 hadi 0.17, ambapo yeye hukwama, pamebaki 0.22. Gawa kwa 0.017, ni karibu kilo 13. Kilele chake kiko karibu na 83. Chora kwenye karatasi ya madaftari ya shule, utauona mstari wenyewe.

Lakini kwa skwati ya chuma huru, Harry Banyard na wenzake wa Australia walijaribu jambo hilohilo na kuchapisha mwaka 2017: makadirio yalizidi kilele halisi, na hayakuwa thabiti kutoka siku hadi siku. Mimi siweki uzito wa kilele mabegani mwa mtu kwa sababu ya mstari wa kwenye karatasi. Nautumia mstari kulinganisha mwezi huu na ule. Kazi kubwa ya kasi, kwa maoni yangu, ni kukata seti na kuchagua uzito wa siku. Kutabiri kilele ni ziada.

---

DadaIbanda (Bukavu)

Habari za jioni, kaka. Tuko wadada kadhaa tunafanya mazoezi pamoja hapa Bukavu, wengine ni wachezaji wa basketi. Naona tafiti zote ulizotaja ni za vijana wanaume. Namba hizo ni zetu pia? Na je, yule anayeanza kabisa, ambaye bado chuma kinamyumbisha, apimwe?

---

Chuma_Katuba

Dada, umeuliza lililostahili kuulizwa mapema.

Mpangilio ni ule ule, namba hazilingani. Tafiti zilizolinganisha wanaume na wanawake zimeonyesha kwamba kwenye uzito mwepesi wanaume huwa na kasi zaidi, na tofauti hupungua uzito unapokaribia kilele. Maana yake jedwali la asilimia lililotengenezwa kwa wanaume litawapotosha hasa kwenye uzito mwepesi. Kila mmoja wenu atengeneze mstari wake mwenyewe kama huo wa kilo 40 hadi 70, kwa uzito wake. Kanuni ya muda haina shida yoyote, kwa sababu kila mtu anajilinganisha na rudio lake mwenyewe la haraka zaidi: mara 1.25 kwa asilimia 20, mwanamke au mwanamume.

Anayeanza msimpime kwa sasa. Chuma kikienda mbele na nyuma, muda unabadilika kwa sababu ya njia na si kwa sababu ya uchovu, na nia ya kufyatua itamharibia umbo. Mwacheni ajifunze kushuka na kupanda kwa uzito mdogo hadi video za marudio matano zifanane machoni. Hapo aanze.

---

Fundi_Ruashi

Mimi ni mchomeleaji, nimetengeneza vyuma vya jimu tatu hapa mjini. Mambo ya diski nayakubali, tunakata kwa macho. Lakini kuna kingine hamjakitaja. Chuma chenyewe mara nyingi ni bomba la maji. Ukiweka uzito mkubwa linapinda katikati, na ncha zinachelewa kupanda. Ukipiga video ya ncha utasoma kitu kingine na mikono inafanya kingine. Mpige video sehemu iliyo karibu na mkono.

Pia kama jimu inaniletea diski zake zote pamoja, nazipima kwenye mizani, naongeza kipande kwa kuchomelea au natoboa tundu, nagonga kilo halisi kwa tindo ubavuni. Rangi inafutika, tindo haifutiki.

---

Chuma_Katuba

Fundi, hilo la bomba ni la thamani na nitalifuata. Kwa wenye bomba: bandikeni utepe ndani, sentimita chache kutoka kwenye ngumi, na msichanganye video za bomba na za chuma kigumu kwenye daftari moja. Kama pesa ipo ya kununua kitu kimoja tu mwaka huu, nunueni chuma kigumu kabla ya diski zaidi.

Na la diski, jimu yetu tutakuletea zote. Zisizoweza kurekebishwa tutazipanga jozi kwa uzito unaokaribiana, ili angalau upande wa kushoto usiuzidi wa kulia.

---

Baba_Kampemba

Vijana wangu, nina umri wa kustaafu na daktari ameniambia nifanye mazoezi ya nguvu lakini nisijikaze, kwa sababu ya presha. Huko kufyatua chuma si hatari kwa mtu kama mimi?

---

Chuma_Katuba

Shikamoo baba. La kwanza ni neno la daktari wako, mwonyeshe unachotaka kufanya kabla hujaanza.

Kinachopandisha presha sana wakati wa vyuma ni kubana pumzi na kujikaza kwenye marudio ya mwisho, pale chuma kinapokwama. Kukata seti mapema kunakuepusha na sehemu hiyo hasa. Uzito mwepesi, rudio la kwanza lipande bila shida, pumua nje unapopandisha, na ukate kwenye asilimia 10. Huhitaji hata chuma: kuinuka kwenye kiti kwa haraka na kuketi polepole kunapimika kwa simu vilevile. Mjukuu akurekodi, kisha mtazame kuinuka kwa kwanza kumechukua muda gani, na kwa tano. Nia ya haraka inahitajika hata kwenye umri wako, kwa sababu uwezo wa kutoa nguvu kwa haraka hupungua na umri mapema kuliko nguvu zenyewe, na ndio unaokudaka unapojikwaa.

---

Kocha_Kamalondo

Nimejaribu jana jioni na vijana sita. Tatizo nililopata: hakuna muda wa kutazama video kati ya rudio na rudio. Nani anasema "basi" wakati seti inaendelea?

---

Chuma_Katuba

Kocha, wiki za kwanza acha seti iende hadi mwisho uliopanga, tazameni video baadaye, na muandike rudio la ngapi lilivuka kikomo. Mtagundua kila kijana ana tabia yake: kwa uzito fulani huyu huvuka kwenye la tano, yule kwenye la saba. Hapo unampa idadi hiyo kama kikomo chake kwa sasa, na unapima upya kila baada ya wiki mbili hivi au uzito unapobadilika.

Sambamba na hilo, fundisha macho. Baada ya kila seti, kabla ya kufungua video, kijana na mwenzake anayemlinda waseme kila mmoja: rudio gani lilikuwa la kwanza kuchelewa? Kisha fungueni video. Mwanzoni watakosea sana. Baadaye yule anayelinda ataanza kusema "basi" mahali panapostahili bila simu, na simu mtaibakiza kwa ukaguzi. Usimwachie mnyanyuaji mwenyewe kazi hiyo. Aliye chini ya chuma huhisi uzito, lakini aliye pembeni ndiye anayeona mwendo.